Mkwe Wangu na Maiti wa Njiru

Mkwe wangu alikuwa na kasoro moja tu, miguu. Si kwamba ilikuwa mibaya. Ilikuwa mirefu, mizuri, na kila iliposikia mtu analia ilikuwa inaondoka na kwenda zake kabla kichwa hakijaambiwa. Kwa askari wa zimamoto wa kawaida hiyo ni sifa. Lakini yeye alitaka kuwa kamanda, na kamanda, jinsi nilivyoelezwa, ni mtu anayelipwa asimame.

Jina lake ni Mulwa. Naliandika kwa sababu kalamu haina aibu. Mdomo wangu haujapata kulitamka, na ukinikuta sokoni usiniombe nilitamke. Sisi Wakamba tuna nthoni. Mama mkwe na mkwe wake hawatazamani usoni, hawapeani mkono, hawakai chumba kimoja, na wakiwa na neno la kuambiana hulipitisha kwa mtu mwingine. Huko shambani ni rahisi, kuna vichaka. Pale Huruma, mtaani kwetu Nairobi, watu tumepangwa kama njiti ndani ya kiberiti, ni kazi ya kutoa jasho.

Siku moja nilikuwa kwa mama mboga nachagua vitunguu, yeye akatokea kwenye kona. Hakuwa na pa kuchepukia, akaingia kibanda cha fundi viatu akaketi akiipa barabara mgongo. Mimi nilikuwa nimeshamwona. Basi nikachagua kitunguu kimoja kimoja, nikakigeuza, nikakinusa, nikauliza habari za mvua za Machakos na za Kitui, na nilipomaliza vitunguu nikaanza nyanya. Fundi alichoka kumkalisha bure, akamvisha viatu. Mkwe akanunua. Binti yangu Nthambi, ndiye mkewe, aliniambia baadaye kuwa vilikuwa vidogo na kwamba alivivaa mpaka vikapasuka, kwa heshima yangu.

Sasa huo mtihani wa ukamanda haukuwa wa kalamu. Walikuwa wanatengeneza ajali ya uongo, wanakuvisha kizibao cheupe ili kila mtu akujue, wanakupa redio, kipaza sauti, magari na watu, halafu wanakaa pembeni wanakuangalia. Anayetahini ni Bwana Makokha, mzee wa Bungoma mwenye masharubu, ambaye hacheki hata akitekenywa. Mara ya kwanza walimpa Mulwa bweni la shule linaloungua. Alisikia mtu analia ghorofani, akamtupia dereva redio, akapanda ngazi, akashuka na mtu wa magunia begani huku anatabasamu. Hakuna aliyekuwa ameambiwa aunganishe mpira wa maji. Bwana Makokha alimpa mkono akamwambia kuwa ameokoa gunia moja na bweni zima limekwisha.

Mara ya pili ilikuwa gesi ya uongo kule viwandani. Alikimbia akaingia ndani ya gesi. Akafa yeye mwenyewe.

Usidhani alikuwa mjinga. Alijua kuliko wengi kwa nini kamanda lazima asimame. Zamani akiwa bado mgeni kazini, wenzake wawili waliingia ghala lililokuwa linaungua, paa likaanza kulegea, na nje hapakuwa na mtu wa kuwaita watoke, maana kila mtu alikuwa anakimbia na ndoo. Hawakutoka. Ndiyo maana alikitaka hicho kizibao kwa moyo wote. Somo hilo aliliweka kichwani, lakini miguu, nimekwambia, ilikuwa na akili zake.

Mtihani ulikuwa mara tatu, si zaidi. Akianguka ya tatu, anapelekwa stoo kulinda mipira ya maji mpaka astaafu. Nthambi alinijia na kikapu, akakaa kwenye kiti changu cha chini, akalia kidogo kisha akacheka.

"Mwaitu, mama yangu," akaniambia, "siku hizi anafanya mazoezi ya kusimama."

Nikamuuliza anasimamaje.

"Jana maziwa yalichemka yakamwagika. Yeye akasimama mlangoni, mikono nyuma. Akamtuma Kioko alete kitambaa, akamtuma Ndeti azime stovu. Watoto wakagombana nani aende kwanza. Maziwa yote yakaisha, stovu ikafa yenyewe."

"Lakini alisimama?"

"Alisimama mpaka mwisho, halafu akalamba sufuria."

Nikaona kuna tumaini.

Ulikuwa mwaka wa themanini na nne, ule wa kiangazi na unga wa manjano. Jumapili moja alikuja kanisani kwetu askari mmoja mnene wa zimamoto, Patrobas, mwenye sauti ya ng'ombe dume lakini mpole. Akasimama baada ya matangazo akasema wanataka akina mama wa kujitolea kuwa majeruhi. Kutakuwa na ajali kubwa Njiru, kwenye machimbo ya mawe, basi la abiria limegongana na lori la mapipa ya sumu, yote mawili yametumbukia shimoni. Kutakuwa na soda na mkate. Akina mama wakaguna. Akaeleza mara ya pili kuwa ni ajali ya uongo na soda ya kweli. Mkono wangu ukawa juu kabla hajafunga mdomo.

Nthambi alinivuta pembeni nje ya kanisa, akaninong'oneza kuwa huo ndio mtihani wenyewe na mumewe atakuwa pale. Nikamwambia ndiyo maana naenda. Akanitazama sana. Ananijua, nimemzaa.

Siku yenyewe tulipakiwa kwenye lori tukaimba njia nzima, Kangundo Road yote vumbi. Njiru ya wakati ule ilikuwa nyika tupu, upepo na mawe. Shimo lilikuwa refu kwenda chini, kuta zake zimechongwa wima kama za chumba, na pa kushukia palikuwa mahali pamoja tu, ile njia nyembamba ya kupandisha mawe. Chini kabisa waliweka gamba la basi bovu na lori limelala ubavu, na mapipa ya bluu yanayotoa moshi wa rangi. Moyo wangu ulianza kupiga ngoma. Sijawahi kwenda sinema, lakini nadhani ndivyo watu wanavyojisikia wakilipa kiingilio.

Walitupaka vidonda kwa unga wa ngano na rangi nyekundu. Jirani yangu Phelister, mama wa Kijaluo mwenye kifua cha kuimbia kwaya mbili, aliwauliza kama kweli mwaka huu wa njaa wanaona sawa kupaka watu chapati usoni. Kisha wakatufunga kadi shingoni. Kijani, huyo anatembea mwenyewe. Njano, anangoja. Nyekundu, anabebwa haraka. Nyeusi ni maiti, anaachwa alipo mpaka watu wote walio hai wametolewa.

Mimi nilipewa nyekundu, Phelister akapewa nyeusi.

Phelister alikasirika. Alikuwa amejiandaa kulia tangu juzi, na sasa wanataka anyamaze. Nikamwambia dada, huu si uonevu wa kuvumilia. Tukageuzana migongo, tukabadilishana kadi. Kisha nikamwendea kijana aliyekuwa anatupanga, nikamwomba kwa upole kuwa mgongo wangu ni wa kizee, kule chini kwenye mawe siwezi, anilaze tu hapa kwenye njia ya kushukia, hapa penye mawe machache. Akanihurumia. Nikalala chali katikati ya njia, nikanyoosha miguu, nikapanua mikono. Palibaki nafasi ya mtu mmoja kupita kwa kujibana upande wa miguu yangu. Askari wangepita. Lakini mkwe wangu hawezi kumruka wala kujibana kando ya mama wa mke wake, akiwa hai wala akiwa maiti, hata kama huko chini kuna nani analia.

Hiyo ndiyo ilikuwa hila yangu yote. Miguu yake haikuwahi kumsikiliza mtu yeyote. Nikasema leo tuone kama itanisikiliza mimi.

Bwana Makokha akapuliza filimbi na magari yakaja kwa ving'ora, vumbi limesimama kama nyumba. Nilifumbua jicho moja, lile la mbali. Mulwa alishuka na kizibao cheupe, akatazama moshi unakoelekea, akahamisha magari yote upande unakotoka upepo. Vizuri. Akafunga kamba kuzunguka eneo ili wasioitwa wasiingie. Vizuri sana. Chini, Phelister akaanza. Aliomboleza kwa Kijaluo, akaomboleza kwa Kiswahili, akamwita marehemu mumewe ambaye asubuhi ile nilimwacha akinyoa ndevu. Mpaka mimi maiti nywele zilisimama.

Nikaona miguu ya mkwe imeanza kutetema.

Akakumbuka. Akachukua darubini, maana pipa la sumu halisogelewi, linasomwa kwa mbali, alama yake ndiyo inakwambia ulimwagie maji au usithubutu. Akalitazama pipa la kwanza, akamsomea mwenzake, akaandika. Akatazama la pili. Akapandisha darubini taratibu kwenye njia ya kushukia.

Mtu aliyenikwepa miaka yote ya ndoa yake sasa aliniona mpaka matundu ya pua. Darubini ikaanguka. Alinigeuzia mgongo haraka kama amechomwa, na kwa muda alitoa amri zake zote akiwa ametazama upande wa Nairobi. Askari hawakuelewa, lakini walitii. Patrobas na kikosi chake wakavaa vifaa vya kupumulia, wakanipita kwa kujibana miguuni, na yule mnene akaniambia samahani mama, akasahau kuwa nimekufa.

Kazi ikaenda. Wa kadi nyekundu wakapandishwa kwanza kwa machela, zikipitishwa juu ya miguu yangu, na kila mmoja akaoshwa kwa mpira wa maji kabla ya kukaribia ambulansi, asije akawabebea manesi sumu. Phelister alipopigwa na yale maji baridi alinyamaza ghafla, kisha akasema neno ambalo majeruhi wa kanisani hapaswi kulijua. Nilibana kicheko mpaka mbavu zikauma. Kufa ni kazi ngumu.

Ndipo Bwana Makokha akageuza bendera. Alikuwa na bendera mkononi, na akiigeuza ina maana upepo umegeuka, hata kama ule wa Mungu unavuma kwingine. Sumu yote sasa ilikuwa inarudi juu ya Patrobas na watu wake, bado wamo ndani ya basi wakitoa wa kadi ya njano. Mulwa akaita kwenye redio watoke. Kimya. Akaita tena. Kimya. Sikujua wakati ule, lakini mzee alikuwa ameizima redio ya Patrobas kwa makusudi. Huo ndio ulikuwa mtihani wenyewe, mengine yote yalikuwa salamu.

Nilisikia viatu.

Alikuwa anakuja mbio. Kizibao kinapepea, redio ameiacha juu ya bati la gari, na uso ule sikuwa nimewahi kuuona lakini nikajua hauko Njiru, uko kwenye ghala lile la zamani na wenzake wawili. Ardhi ilikuwa inadunda chini ya kisogo changu. Nikafumba macho nikamwomba Mungu amfungulie akili mtoto huyu, na kama haiwezekani, basi ampige mwereka.

Viatu vikasimama. Vilikuwa karibu na kichwa changu kiasi kwamba vumbi liliniingia puani. Sikupiga chafya. Naomba hilo likumbukwe.

Alisimama pale akihema. Nilikuwa na maneno tele mdomoni. Nilitaka kumwambia rudi, una gari, una watu, una mdomo. Lakini mimi nilikuwa nimezibwa mara mbili, kwa nthoni na kwa kifo, na hapakuwa na mtu katikati wa kumpa ujumbe. Upepo ukapita.

Kisha sauti yake, si ya kunisemesha mimi, ya kusema juu kabisa, kurudi nyuma kwenye magari:

"Madereva wote! Ving'ora vyote, virefu, msiachie mpaka niwaone watu wa shimoni juu!"

Mama yangu. Magari yote yalilia pamoja. Kuta za lile shimo zilichukua sauti zikairudisha maradufu, tai wakaruka, na huko chini Patrobas akatoka kwenye basi kama andazi linaibuka kwenye mafuta, anasukuma watu wake mbele yake. Waliponipita hapana aliyeniomba samahani. Mulwa alikuwa amesharudi mahali pake, kinyumenyume, kipaza sauti mkononi, anawahesabu kwa majina kila mmoja anapoipita kamba. Alipomtaja wa mwisho na wa mwisho akaitika, sauti ilikatika kidogo. Nadhani ni mimi tu na mzee Makokha tuliosikia.

Ningependa kukuambia yaliishia hapo, lakini palikuwa na mkubwa mmoja kutoka mjini, amevaa suti, amekuja na mpiga picha. Huyo alikuwa ameona njaa ya mchana inaingia na bado hajapigwa picha. Akasema anataka picha ya mwisho, kamanda mwenyewe amembeba yule maiti mikononi anapanda naye, na yeye mkubwa amesimama kando na kofia kifuani. Akainua kamba akaanza kuingia.

Mimi nikagandamana kama maiti wa kweli. Mkwe wangu anibebe mikononi, mbele ya kanisa zima la Huruma, na ipigwe picha. Ningehama. Ningerudi Kitui kwa miguu.

Na yeye je? Mkubwa ndiye mwenye kalamu ya vyeo. Ukimkatalia, hata ukiwa umefaulu, stoo ina nafasi. Kila mtu alimtazama Mulwa. Mpiga picha alikuwa ameshapiga goti.

"Mheshimiwa," Mulwa akasema kwa kipaza sauti, ingawa mkubwa alikuwa hatua chache tu, "tafadhali rudi nyuma ya kamba. Upepo umegeuka. Hapa ndani haingii mtu mpaka niseme mimi."

"Wewe unajua unaongea na nani?"

"Najua. Ndiyo maana sitaki ufe."

Mkubwa akamgeukia Bwana Makokha ili aadhibiwe mtu. Bwana Makokha alikuwa anatazama mawingu kwa bidii sana, na mwaka ule mawingu hayakuwepo. Mkubwa akaangalia moshi, akaangalia suti yake, akainua kamba tena, akatoka. Mpiga picha akamfuata kwa magoti.

Hapo Mulwa akamwita Patrobas, akampa amri kwa sauti ya chini. Sikuisikia, lakini niliiona ikifika. Walikuja wanne na machela na blanketi la kijivu. Wakanifunika uso kwanza, halafu mwili wote, wakanibeba kwa upande wa mbali wa magari, na Mulwa akasimama wima akiwa ametupa mgongo mpaka tukaisha kupita. Hapana mama mkwe wa Kikamba aliyewahi kusitiriwa vizuri namna hiyo, hai wala marehemu. Chini ya lile blanketi nilicheka, nikalia kidogo, nikacheka tena. Wale wabebaji wakadhani machela ina hitilafu.

Waliniteremsha ndani ya ambulansi, sehemu ya nyuma, na kwa bahati nzuri ndipo Bwana Makokha alipomwita mwanafunzi wake pembeni, upande wa pili wa gari. Nikatulia ndani ya blanketi kama muhogo ndani ya jivu.

Akamwambia, "Ulikuwa umeshakimbia, Mulwa. Mguu mmoja ulikuwa umeingia shimoni. Nilikuwa nimeshika kalamu nikuandikie kifo cha pili. Nini kilikusimamisha?"

Angeweza kudanganya, akasema ni mafunzo.

"Maiti, afande."

"Maiti unamruka. Wenzako wote walimpita."

"Yule siwezi. Ni mama ya mke wangu."

Nikawaza. Sasa mzee atasema basi hujafaulu wewe, amefaulu bibi. Nilitamani nifufuke nimwambie ni mimi, mkosaji ni mimi, kadi nilibadilisha mimi.

Bwana Makokha ni Mbukusu, na huko kwao mama mkwe si mtu wa kuchezea. Kwanza nilisikia kama mtu anakohoa. Kisha kile kikohozi kikaendelea, na nikatambua kuwa yule mzee anacheka, kwa sauti ya mlango ambao haujafunguliwa siku nyingi.

"Na ulipokwisha kusimama," akauliza, "nani alikwambia habari ya ving'ora? Yeye?"

"Hapana, afande. Yeye alikuwa amekufa."

"Na yule mheshimiwa, nani alikwambia umrudishe?"

"Hapana mtu."

"Basi. Mimi sitii alama kilichomsimamisha mtu. Natia alama alichofanya alipokwisha kusimama." Nikasikia kalamu ikikwaruza karatasi. "Umepita. Kizibao usikivue."

Nilisikia tu mtu mrefu ameketi ghafla kwenye ngazi ya ambulansi mpaka gari lote likainama, na mimi nikainama nalo.

Bwana Makokha hakuwa amemaliza. Akasema mwezi ujao ana makamanda wengine wanaosomea, vijana wazuri, na wote wanakimbia kama mbuzi waliofunguliwa. Akapaza sauti kidogo, si kwa Mulwa, kwa upande wetu wa gari, akimwelekezea Patrobas kama inavyotakiwa.

"Patrobas, muulize huyo marehemu kama ana mabinti wengine."

Patrobas akainama juu ya blanketi, akaniuliza kwa heshima zote.

Nikamwambia awaambie yupo mmoja, Mbeti, yule mdogo. Lakini Mbeti amesema hataki mwanamume wa kukimbia wala wa kusimama. Anataka anayejua kuepua maziwa.